Ziwa Limechafuka

Siku ya kwanza usiangalie. Wakikuambia kwamba wamekupasua na kwamba kwa sasa choo kitatokea ubavuni, itikia kwa kichwa, vuta shuka, tazama dari. Siku ya pili angalia. Utaona kitu chekundu, chenye unyevu, kimejikunja kama midomo ya mtoto anayetaka kulia. Huo ni utumbo wako. Mimi niliugusa kwa kidole, maana tangu utotoni siwezi kuona kitu nisikiguse, nikakuta hausikii. Kidole kilisikia utumbo, utumbo haukusikia kidole. Nilikaa na jambo hilo siku nzima.

Naandika kwa ajili yako uliyelala mahali nilipolala mimi, unayenuka na kujua kwamba unanuka. Namna homa ya matumbo inavyotoboa utumbo siwezi kukueleza. Shule niliiacha darasa la tano. Waulize madaktari, na wakikujibu haraka waulize tena. Ninachokijua mimi ni kusubiri. Sasa tumbo langu limefungwa, nina kovu refu kutoka chini ya kifua hadi chini ya kitovu na jingine dogo pembeni, na ninatembea. Hilo nalisema mapema ili usisome ukiwa na hofu juu yangu.

Naitwa Gervas. Nyumbani kwetu ni Muyama, lakini ukiniuliza ninaishi wapi sina jibu moja. Nimekaa na warina asali katika misitu ya Kibondo, nimefyatua matofali Kakonko, nimeuza mitumba kwenye soko la jirani na kambi ya wakimbizi, ambako nilijifunza Kiswahili cha Wakongo na kukichanganya na changu. Kila mahali nilikuwa nauliza maneno. Hiki mnakiitaje? Na kile? Kiswahili changu kina Kiha ndani yake, watu hucheka nikifungua mdomo, nami nilikwishazoea kucheka nao. Dada yangu Yustina, aliyeolewa Kasulu mjini, alikuwa akisema mimi ni mbuzi aliyekata kamba, na kwamba siku moja nitarudi na kamba ya mtu mwingine shingoni.

Mume wake aliitwa Bosco. Alikuwa dereva wa lori, mtoto wa wazazi waliokuja kutoka Burundi wakawa raia huku. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko. Ujanani alikuwa amevua dagaa kwenye ziwa, kwa hiyo kwetu sisi wa milimani, jambo lolote lililohusu ziwa aliulizwa Bosco.

Masika yale tulishuka na maharage kutoka Kitanga hadi mji wa ziwani. Utingo wake wa kawaida alikuwa na msiba, akanichukua mimi. Mvua ilikuwa imepiga mfululizo, tukasukuma lori zaidi ya kulipanda. Tulipomaliza kushusha magunia tulikuwa na tope hadi masikioni. Jua likatoka. Bosco akasema, "Muramu, twende tukaoge." Muramu ndiyo shemeji kwa lugha yetu.

Ufukwe ule ulikuwa na watu wengi waliofurahia jua. Juu yake, kwenye mteremko, kulikuwa na nyumba za wageni zenye mabati mekundu. Ziwa lilikuwa limetulia kama mafuta kwenye sahani. Mama mmoja alikuwa ameketi juu ya mtumbwi uliopinduliwa, anachambua dagaa kwenye ungo. Tulipompita alisema, bila kuinua uso:

"Wanangu, leo ziwa limechafuka. Msiogee hapa."

Mimi nilisimama, shati mkononi. "Limechafuka na nini, mama?"

Kabla hajajibu Bosco alikuwa anacheka. "Mama, msamehe huyu muramu wangu. Mtu wa milimani, anadhani unasema uchafu." Akanigeukia. "Shem, watu wa ziwani wakisema limechafuka wanasema mawimbi. Limekasirika. Kwani wewe unaona taka?"

"Taka sioni. Na mawimbi siyaoni."

"Yamelala. Yalikuwepo alfajiri." Akamwambia yule mama, "Asante mama, sisi hatuna mtumbwi. Hakuna wa kuzama hapa."

Yule mama alinitazama mimi, hakumtazama Bosco. Halafu akasema taratibu, "Mimi nimesema limechafuka," akarudi kwenye dagaa zake.

Tukaingia. Kwetu milimani maji ya kuoga ni ya chemchemi, yanakata mifupa. Pale karibu na mawe kulikuwa na sehemu yenye uvuguvugu kuliko kwingine, na Bosco alikuwa ameshaikalia, maji yakimfika kifuani, macho ameyafumba kwa raha. Nilikaa kando yake. Alisukutua mdomo kwa maji yale, akatema mbali kama mtoto anayeshindana. Mimi nilipiga mbizi kutafuta chemchemi ya moto, nikidhani ipo chini, nikayameza. Palikuwa na harufu nyepesi, kama ya banda la mbuzi baada ya mvua. Jirani yetu baba mmoja alikuwa anamwosha binti yake nywele, anamwambia, "Fumba macho, fumba macho."

Hayo ndiyo yote. Hakuna aliyezama.

Homa ilinikuta Kakonko, nilikorudi kufyatua matofali, maharage ya mashambani yakiwa yanaanza kukauka. Nilidhani malaria, nikameza dawa za malaria. Nilidhani uchovu, nikalala. Kichwa kilikuwa kinapiga kama kinu, tumbo limejaa, choo hakitoki. Kama wewe unasoma hili ukiwa bado uko nyumbani na homa haishuki, funga kitabu, nenda ukapimwe. Usisubiri kama mimi. Siku tumbo lilipotoboka nilisikia maumivu, halafu yakapungua ghafla nikamshukuru Mungu, nikadhani nimepona. Ile nafuu ndiyo iliyokuwa hatari yenyewe. Watu niliokuwa nafyatua nao matofali walinifunga kwenye pikipiki kati ya watu wawili, wakanifikisha hospitali. Nakumbuka taa, na mtu akiniuliza jina la ndugu wa karibu, nami nikisema, Yustina.

Nilipozinduka na kuwa na akili, Yustina alikuwepo. Alikuwa amenyoa nywele, amefunga kitambaa cheusi. Nilimtazama kichwa, sikuuliza. Alisema, "Tumemzika Muyama kwa baba, kwa sababu barabara ya kwao haipitiki." Akaanza kukunja nguo.

Bosco aliugua wakati mmoja na mimi. Yeye aliendelea kuendesha, akinywa dawa za kutuliza maumivu na soda. Alianguka uani kwake akiwa anakagua tairi, akafa kabla hawajapata gari la kumpeleka hospitali, yeye aliyekuwa na gari.

Yustina alikuja kuniuguza kwa sababu hapakuwa na mwingine. Mama yetu haoni tena. Lakini alikuja na hasira yake, akaiweka kati yetu kitandani kama mtoto wa tatu. Ukilazwa utagundua kwamba anayekuuguza ndiye anayekujua, si daktari. Yeye ndiye aliyejifunza kutoka kwa Sista Mwanaidi, muuguzi wetu, namna ya kukata tundu kwenye mfuko lilingane na utumbo, maana mifuko halisi ilikuwa adimu, na namna ya kupaka dawa nyeupe kwenye ngozi. Maji yale ya ubavuni huchoma. Ngozi yangu ilibabuka ikawa kama nyama ya kuku aliyenyonyolewa. Alikuwa anapaka taratibu kabisa, kidole chepesi kama unyoya, na huku anasema:

"Wewe ndiye uliyemtoa kwenye lori. Bosco alikuwa akifika anashusha, anakula, anageuza. Umri wote wa ndoa yangu sijasikia Bosco ameoga ziwani."

Mimi nilitazama dari.

"Uliona nini huko? Uliona samaki mwenye miguu? Maana wewe lazima uone."

Kama ningesema ni Bosco aliyetaka kuoga, ingenibidi niseme na lingine. Ningesema kwamba tulikanywa, na kwamba aliyelicheka lile onyo ni yeye. Yustina alikuwa amebakiwa na kitu kimoja tu kutoka kwa mume wake, nacho ni kwamba alikuwa mtu anayejua. Kila mgeni aliyekuja kumpa pole aliambiwa hivyo: Bosco alijua barabara, alijua injini, alijua ziwa. Sasa nimwambie nini?

Tena niliogopa. Bila mkono wake ningeoza.

Kiangazi chote nilikaa hivyo, nimerudishwa kwake Kasulu kusubiri mwili upate nguvu ya kufungwa. Nilikonda hadi pete ya shaba niliyovaa kidole cha kati ikahamia kidole gumba. Ukila, dakika chache unakiona chakula ulichokula, mahindi na ganda lake, mchicha bado mchicha. Kunywa maji yenye chumvi na sukari, mengi, hata kama huna kiu, kwa sababu utatoka maji yote kama nguo iliyokamuliwa. Na hapo ndipo taabu yangu ilipokuwa. Nilikuwa natakiwa kunywa, nami siwezi kutazama kikombe.

Maji yalikuwa yamechemshwa, yamechujwa, najua. Niliona kuni zikiwaka. Lakini nikiinamia kikombe nilikuwa namwona Bosco amekaa ndani yake hadi kifuani, macho amefumba. Sikumwona usiku kama watu wanavyowaona wafu wao. Nilimwona mchana kweupe, kwenye beseni, kwenye ndoo, kwenye sahani iliyosuuzwa ikabaki na maji kidogo. Yustina aliwahi kunikuta nimesimama juu ya pipa la maji ya mvua lililokauka, nikichungulia, akaniuliza natafuta nini. Nikasema nyuki.

Na yule binti aliyekuwa anaoshwa nywele. Kila siku ya kliniki nilikuwa nakaa kwenye benchi refu la nje ya chumba cha upasuaji na kutazama kila mtoto wa kike aliyepita na baba yake. Watu wote wale waliokuwa majini, walienda wapi? Waliugua? Nani aliwaambia? Sijapata kujua hata mmoja wao. Wewe uliyelala, kama ulikuwa pale siku ile, basi tunafahamiana.

Benchi lile lina tabia yake. Ukikaa, baada ya muda aliye kulia kwako anasogea kidogo, na wa kushoto anakumbuka kitu alichosahau nje. Siku moja mfuko wangu ulivuja. Benchi lote likawa tupu isipokuwa bibi mmoja mwenye kikapu cha parachichi. Yeye alisogea akanikaribia.

"Bibi, nanuka," nikamwambia.

"Nasikia," akasema. "Nimelea watoto na nimelea wazazi. Ipo harufu ya kuogopa, lakini si hiyo." Akanipa parachichi. Sikujua jina lake wala ugonjwa wake.

Sista Mwanaidi alikuwa mtu wa Tanga, amehamishiwa kwetu na kazi, analalamika baridi kila asubuhi. Yeye ndiye niliyemweleza kwanza. Alikuwa ananibadilishia mfuko kliniki, Yustina ametoka kununua uji. Nilimuuliza kama mtu anayeuliza neno tu, kama kawaida yangu: kwenu pwani, mtu akisema bahari imechafuka, anasema nini?

"Mawimbi," akasema. "Ikichafuka hakuna kuvua. Kwa nini?"

Nikamweleza yote. Aliacha mikono yake pale pale tumboni kwangu.

"Huyo mama alikuwa anawastahi," alisema. "Wanaume wawili wageni, mtu na shemeji yake. Angewaambia vipi kwamba mnaogea mavi? Akatafuta neno la adabu. Na neno la adabu lilikuwa na kazi nyingine."

"Kwa hiyo Bosco alikuwa sahihi."

"Neno alilijua. Wewe uliyekuwa hulijui ndiye uliyelisikia."

Baadaye mgonjwa mmoja wa kutoka mji ule alinithibitishia, kwa urahisi kama anayetaja bei ya chumvi: mvua zikizidi, chemba za zile nyumba za juu hutapika, majitaka hupita chini ya majani hadi kwenye mawe. Wenyeji huacha kuoga pale hadi ziwa lijisafishe. "Kila mtu anajua," alisema. Hilo ndilo lililonikaa. Kila mtu anajua, na hakuna anayelitaja kwa jina lake.

Mvua za kwanza zilipoanza na watu kushika majembe, daktari alisema nimepata nguvu, tumbo lingefungwa. Nilifurahi, halafu nikaogopa. Nilikuwa nimeona mtu wa kitanda cha jirani akienda kufungwa asirudi. Nikajiambia siwezi kufa na neno la mtu mdomoni.

Asubuhi ya siku moja kabla ya upasuaji tulikuwa kwenye nyasi nyuma ya wodi, mahali wauguzaji wanapoanika nguo. Yustina alikuwa anakamua shuka, mimi nimeshika upande mmoja. Nilimwambia. Nilianza na lori, nikapita kwenye tope, nikafika kwa yule mama. Nilisema kila neno lililosemwa, pamoja na la mtumbwi. Hakuacha kukamua.

"Kwa hiyo ni yeye aliyetaka kuoga," alisema.

"Ni yeye."

"Na mliambiwa."

"Tuliambiwa."

"Na yeye alicheka."

"Alicheka, dada."

Alivuta shuka hadi likanitoka mikononi. "Wewe ulielewa. Umesema ulimuuliza, limechafuka na nini. Ulielewa."

"Nilielewa kidogo. Halafu yeye akaeleza, na yeye ndiye anayejua ziwa. Mimi nimezoea kukosea Kiswahili."

"Mtu anayeuliza jina la kila mdudu," alisema. "Siku ile moja ukaona usiulize tena."

Alianika shuka, akalinyoosha pembe kwa pembe kama litakaguliwa. Akachukua beseni lake na kanga yake ya kujifunika. Nilidhani anaingia wodini. Nilimwona akipita getini, akielekea barabara ya Kasulu, beseni tupu likiwa kiunoni.

Nilipasuliwa bila ndugu mlangoni. Sista Mwanaidi ndiye aliyeshika fulana yangu.

Nikwambie kinachofuata baada ya kufungwa, maana hakuna aliyeniambia. Hawakupi chakula wala maji. Wanakulowesha midomo kwa pamba. Utumbo umeunganishwa lakini umelala, na mpaka uamke hakuna anayejua kama umeshika. Dalili ya kuamka ni moja. Kila daktari anayepita, mkubwa kwa mdogo, atasimama miguuni kwako na kukuuliza kwa heshima zote, "Umetoa upepo?" Wodi nzima itajua. Watu wasiokujua watakuuliza wakipita kwenda chooni. Mzee mmoja wa Kakonko aliyevunjika nyonga alikuwa ananiita kutoka upande wa pili, "Kijana, vipi, kimya?"

Kimya. Tumbo lilianza kujaa. Siku iliyofuata, kimya. Daktari alikuja na mwenzake, wakabonyeza, wakasemezana kwa Kiingereza, na mimi ninayeuliza kila neno sikuuliza. Waliingiza mpira puani. Ndugu wa mzee wa Kakonko walinilowesha midomo kwa zamu, Mungu awalipe. Katika kila tone la pamba ile Bosco alikuwepo, na safari hii alikuwa amefumbua macho. Hakuwa na ubaya. Alikuwa ananitazama kama mtu anayemngoja mwenzake amalize kuoga waondoke.

Mvua ilipiga mabati mchana huo hadi tukawa hatusikilizani. Katikati ya kelele ile mlango wa wodi ulifunguliwa, akaingia Yustina, amelowa mpaka kitambaa cha kichwa, ana chupa ya chai na nguo kwenye mfuko. Kwetu salamu ni kazi. Watu hushikana mikono, huulizana ya nyumbani na ya shambani, hupiga makofi taratibu wakiinama. Hakunisalimu. Alivuta kigoda, akakipangusa kwa kiganja. Alinifunua shuka tumboni, akaangalia kovu lilivyoshonwa, akalifunika.

Halafu akamgeukia Sista Mwanaidi aliyekuwa anabadilisha dripu ya jirani.

"Ametoa upepo?"

"Bado," sista akasema.

Yustina alivua viatu vyake vilivyolowa, akavisukuma kwa mguu chini ya kitanda changu hadi ukutani.

"Basi nakaa," akasema.